Kelele ya Pikapu

Wanjiru mpenzi,

Huku Thika tuko. Goti la Cucu, nyanya yako, linasumbua, mdomo uko imara.

Unauliza mbona kazi ikianza kukunyookea unataka kuhama. Pole, umenirithi mimi.

Miaka ya sabini niliunda upya injini ya pikapu yangu kuukuu ya Kijapani. Nikaweka pistoni mpya, nikachonga silinda hedi, kile kifuniko cha juu, ipate nguvu. Ikaenda vizuri, lakini mimi nikasikia kelele. Nikaifungua, sikuona kitu. Nikaifunga, nikaisikia tena.

Asubuhi ya ruracio, siku ya kupeleka mahari, wazee wangu walikuja niwapeleke Theta, kwa kina Cucu. Wakakuta injini imelala juu ya gunia.

"Unatafuta nini?" mjomba akauliza.

"Kelele, mzee."

"Sisi tunasikia moja tu, na ni yako."

Tulifika jioni kwa mkokoteni wa punda, suti zimejaa vumbi. Baba yake Cucu akauliza kama kweli nina gari.

"Analo," Cucu akasema, "ila haliachi likimbie."

Akanikubali hivyo hivyo. Injini niliirudisha, na kelele yake tumesafiri nayo hadi leo.

Asubuhi hii nimeisikia tena. Cucu ameficha spana.

Babu yako, Guka