Umetikisa au Umetetemeka?

Barabara ya Kumi na Tano,
Ngamiani, Tanga.
23 Agosti 2025

Mpendwa kaka Yaqoub,

Assalaam alaikum warahmatullah. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji na watoto, na kwamba joto la Muscat limeanza kuwaonea huruma. Lile jino lililokuwa likikusumbua, uliling'oa au bado unalibembeleza kwa karafuu? Sisi huku ni wazima. Mke wangu Ghadir anakusalimu sana. Mwanetu Rawan ameota meno mawili mapya ya mbele na kila mgeni anayepiga hodi lazima ayaone kwanza ndipo akaribishwe kiti. Mama yako, Shangazi yangu, magoti yanamsumbua wakati wa kusujudu, lakini sauti yake haina goti, unaijua.

Utashangaa kuona karatasi wakati simu zipo. Shangazi akikupigia huiweka simu mezani imefunguliwa sauti, na kila unalosema linasikika mpaka kwa jirani anayekuna nazi. Ninayotaka kukwambia yanamhusu yeye, na siwezi kuyasema mbele yake bila kusahihishwa kila sentensi. Abdulghani wa duka la vitambaa anasafiri Jumatano na amekubali kukubebea barua hii pamoja na halua. Halua ikifika pungufu, muulize yeye.

Kwanza nikushukuru kwa saa. Tangu uniletee Idi ya mwaka jana sijaivua ila kwa kuoga. Inapima mapigo ya moyo, inapima njia niliyokimbia, na inahesabu nguvu ambayo mwili umeunguza, zile kalori ulizonieleza tukiwa barazani. Kila jioni huandika katika shajara yangu inachosema, chini ya tarehe, kama ninavyoandika mvua na bei ya nazi.

Pili nikushukuru kwa ujumbe wako wa mwezi wa saba, ule wa sauti, ulioniambia niache mbio mara moja na saa nimkabidhi Shangazi aifungie kabatini. Ulikuwa mkali, lakini niliusikiliza mara mbili na kila mara nilisikia ndani yake mtu anayeogopa kupigiwa simu mbaya usiku. Sikukujibu wakati ule kwa sababu sikuwa na jibu. Sasa ninalo, na naomba unisikilize mpaka mwisho kabla hujaamua.

Ulichoambiwa ni kwamba nimekonda, sili, na huenda nina ugonjwa ninaouficha. Kukonda ni kweli. Lakini unajua nilivyokuwa. Daktari aliniambia shinikizo la damu limepanda na ini limezungukwa na mafuta, akaniuliza baba yangu alifariki akiwa na umri gani. Nilipomtajia, aliandika. Marehemu mjomba wako alianguka dukani akiwa na mkasi mkononi, na mimi umri ule siko mbali nao. Ndipo nilipoanza kutembea alfajiri kutoka msikitini mpaka Raskazone, kutembea kukawa kukimbia, na kukimbia kukanikutanisha na Wilfred.

Wilfred ni fundi wa friji, Mshambaa wa Lushoto, Mlutheri, mtu wa maneno machache. Amekimbia milimani tangu utoto kwa sababu shule yao ilikuwa juu na nyumba yao ilikuwa chini. Yeye hana saa. Nikimwonyesha tumeunguza kalori ngapi huniuliza, "Na umerudisha ngapi?" Nilidhani ni mzaha wake tu.

Sasa nikwambie kilichomuumiza Shangazi, maana hili hatakwambia yeye. Haikuwa mbio. Ilikuwa sinia.

Wewe na mimi tulikulia kwenye sinia lile lile, na unakumbuka kila mtu ana upande wake, na Shangazi ndiye anayesukuma nyama kwa kidole kuelekea upande wa anayemwona mnyonge siku hiyo. Nilipoanza kupima chakula, nilishindwa kupima nilichokula katika sinia la watu watano. Nikanunua sahani. Nikawa najipakulia wali wangu kidogo na mchicha, nakaa mkekani pale pale, lakini nakula changu. Nilijiona mtu wa mpango. Sikuona kuwa sinia limebaki na pengo upande wangu, na kwamba hakuna aliyelijaza.

Na kahawa ya baada ya Alasiri ikawa vivyo hivyo. Mila yetu unaijua, na nasikia huko mnaishika kuliko sisi: anayemimina hamwulizi mtu kama ametosheka, humimina tu mpaka mtu aitikise finjani, ndipo huipokea. Mimi niliyekuwa mtu wa finjani nne na halua juu yake, nikawa naitikisa baada ya ya kwanza. Shangazi alikuwa akiipokea bila neno. Maneno yalikuja baadaye, tena mbele ya wageni.

"Nyumba hii siku hizi ina mpangaji," aliwaambia. "Ana sahani yake."

Siku nyingine alirudi kutoka maulidini amekasirika, hata buibui hajavua. "Wananiuliza, Bi Shamsiya, mwanao ana nini? Nimewaambia ana saa. Mwanamume mzima anakimbia barabarani kama aliyeiba kuku, akirudi anakula majani. Hiyo saa ndiyo inayokula, si yeye."

Ghadir alicheka mpaka akatoka nje. Mimi nilicheka kidogo tu. Yule ndiye aliyenilea tangu mama alipofariki, hakunizaa, na chakula ndicho alichonipa kila siku ili nisiukumbuke upungufu huo. Mtu wa namna hiyo ukimtikisia finjani mapema, unamwambia jambo kubwa kuliko ulivyokusudia. Usiku ule ndipo alipokupigia, nawe ukanitumia ujumbe.

Wakati huo mimi na Wilfred tulikuwa tumeshapanga safari yetu ya Agosti: kukimbia kutoka Horohoro mpakani mpaka Tanga mjini, siku moja. Hakukuwa na mashindano wala zawadi, ni sisi wawili tu. Nilimwambia Shangazi mwenyewe, sikutaka asikie kwa jirani. Alikuwa anachambua mchele. Alisema, "Ukitoka kwenda huko bila radhi yangu, ukirudi usiniite Shangazi, niite Bi Shamsiya kama wapita njia." Akaendelea kuchambua.

Kaka, siku tatu sikulala vizuri. Kuiacha safari nilikuwa naweza. Lakini nilijua nikiiacha kwa namna ile nitaacha na mbio zote, na baada ya miaka michache nitaanguka na mkasi mkononi kama baba. Na nikienda, nimempoteza aliye hai. Jumamosi jioni nilipiga magoti mbele yake nikamwomba tena. Aliniuliza tu, "Mtapita Mabokweni saa ngapi?" Nikamwambia mchana, pengine baada ya Adhuhuri. Akaniambia nikalale.

Tarehe kumi, Jumapili, tulitoka mjini usiku wa manane kwa gari, tukasali Horohoro, mimi Alfajiri yangu na Wilfred sala yake, tukaanza kabla jua halijatoka. Maji tulikuwa tumeyaweka njiani kwa wenye maduka. Mpaka Duga nilikuwa nacheka. Niliitazama saa kila mara na tarakimu zilinifurahisha kama mtoto anayehesabu pipi, ila pipi zangu zilikuwa zinatoka, haziingii. Asubuhi nilikuwa nimekula ndizi moja. Wilfred alikuwa na viazi vitamu vya kuchemsha mfukoni, akinipa nakataa. Nilitaka kuona saa itafika wapi.

Saa ilipita kalori elfu nne, na hapo mwili ukafunga duka. Sijui nikueleze vipi. Miguu ilikuwa ya mtu mwingine. Jua kali lakini nilisikia baridi na vinyweleo vikanisimama. Nilimkasirikia mbuzi aliyesimama kando ya barabara kwa jinsi alivyonitazama. Wilfred alinisemesha, nikajua alichosema, lakini ulimi haukurudisha maneno. Alinishika mkono na tukatembea hivyo, kama bwana harusi na mpambe wake, mpaka shamba la babu pale Mabokweni.

Na langoni, chini ya kivuli cha minazi, amekaa mama yako juu ya kigoda.

Alikuwa amekuja na bajaji tangu asubuhi. Pembeni yake kuna chupa ya chai, kikapu cha halua, tende, na finjani zake zile za ukingo wa dhahabu zilizovunjika mbili. Chupani hakutia kahawa. Alitia tende alizozichemsha na maziwa na tangawizi, kile anachompikia mzazi aliyetoka kujifungua. Alinitazama toka juu mpaka chini, akamimina, akanipa. Nikanywa yote.

Kisha mkono wangu ukaanza kutetemeka. Finjani ilitikisika vidoleni, kushoto kulia, sikuweza kuizuia.

Niliuona uso wake ukibadilika. Alinyoosha mkono akaipokea finjani, akaifuta kwa kitambaa, akafunga chupa. "Alhamdulillahi," alisema polepole. "Hata leo umenitikisia." Akaanza kufunika halua.

Nilitaka kusema hapana. Ulimi haukutoka. Nilisimama pale, kaka, ninataka kile kinywaji kuliko nilivyowahi kutaka kitu, na aliyekileta anakirudisha kikapuni kwa sababu nimemfundisha mwenyewe, miezi mizima, kwamba nikitikisa simtaki.

Wilfred hajui mila ya finjani. Kwao chai ikiisha unaomba nyingine. Alitazama kikapu, akanitazama mimi.

"Mama, mbona unafunga?"

"Ametosheka. Hukuona ametikisa?"

"Ametikisa nini? Huyu anatetemeka. Ameunguza mpaka akiba, hana kitu tumboni. Kama finjani umeshaifuta, mpe kwa mkono."

Shangazi aliinuka kwenye kigoda, licha ya magoti yake. Aliushika mkono wangu kwa mikono yake miwili akaubana, nao ukaendelea kutetemeka ndani ya mikono yake. Akanisogelea kabisa usoni.

"Nabhan. Umetikisa au umetetemeka?"

Nilikusanya ulimi wangu wote. "Nimetetemeka, Shangazi."

Sikuwahi kumwona mtu akifungua chupa kwa haraka vile. Alininywesha mwenyewe, finjani juu ya finjani, mkono mmoja kisogoni kwangu, na kati ya finjani alinilisha halua kwa vidole vyake, tonge baada ya tonge, huku akigomba. Alimgombeza Wilfred kwa kuniacha nije na ndizi moja. Akaigombeza na saa yako, akaiambia haina haya, inajua kuhesabu kinachotoka tu. Kisha akamlisha Wilfred naye, ambaye alijaribu kukataa kwa adabu na kwa kuwa hakujua kutikisa, alimiminiwa mpaka chupa ikaisha.

Baada ya muda baridi iliondoka na maneno yakarudi. Nilimwambia naweza kupanda bajaji kurudi naye, safari imetosha. Nilimaanisha. Aliitazama barabara.

"Kumebaki wapi?"

"Amboni, halafu mjini."

"Basi nendeni. Mie natangulia Amboni, nitachemsha nyingine kwa Bi Zuwena. Na usinipite."

Hiyo ndiyo radhi niliyopewa, kaka. Tulifika Ngamiani kabla ya Magharibi, tukitembea kwa sehemu kubwa, na tangu Amboni nyuma yetu bajaji yenye mama aliyekuwa akituhimiza kama anafukuza ng'ombe shambani. Watu wa barabara yetu walitoka nje. Mmoja akamwuliza kama mwanawe anaumwa. Alijibu, "Anaumwa njaa. Ametoka Horohoro kwa miguu, wewe umetoka wapi?"

Usiku ule niliiweka sahani yangu jikoni na nikarudi kwenye sinia, upande wangu. Shangazi alisukuma nyama kwa kidole.

Daktari nimemwona wiki hii. Shinikizo limeshuka, anataka niendelee, ila amesema maneno yale yale ya Wilfred kwa ufundi zaidi, kwamba moto hauwaki bila kuni. Siku za mbio ndefu sasa nakula kabla na nakula njiani, na Shangazi ndiye msimamizi. Hukata halua vipande vidogo, akavifunga kwa majani makavu ya migomba ili viingie mfukoni. Wilfred amebadili dini upande wa viazi, sasa anakimbia na halua.

Kwa hiyo nakuomba, kaka, ufute amri ya mwezi wa saba. Saa naomba nibaki nayo. Mpigie Shangazi, usimwambie nimekuandikia, muulize tu habari za Mabokweni, kisha kaa kitako maana utasikiliza mpaka salio liishe. Yeye naye ana ombi, anaona haya kulisema: anataka chupa kubwa ya kahawa, ile isiyopoa, maana hii ya sasa, anasema, haitoshi barabara ndefu. Anaitaka kabla ya Desemba. Amesikia tunataka kwenda Pangani.

Nisalimie shemeji, uwabusu watoto wote, na umpe shikamoo yangu Ami Yaarub ukimtembelea. Ghadir na Rawan wanakusalimu, na Wilfred pia, ingawa hamjaonana. Mwenyezi Mungu akulinde ugenini, akuzidishie rizki, akakurejeshe kwenye sinia hili ukiwa na afya. Upande wako bado upo, hatujamkalisha mtu.

Naifunga barua hapa kwa kuwa Alasiri imepita na naitwa kahawani. Jana nilikunywa finjani tatu, nikaitikisa ya tatu kwa adabu, nimeshiba kweli. Shangazi hakuipokea. Alibaki ameinua chupa, ananitazama mkono, akaniuliza kama anavyoniuliza kila siku tangu tarehe ile: umetikisa au umetetemeka? Nami, kaka, kila siku nampa jibu moja tu, lile la Mabokweni, naye ananimiminia ya nne.

Wako akupendaye, mwenye shukrani tele kwako,

Nabhan