Damu Chini ya Goti

Jumanne, 8 Aprili 2025

Hatimaye! Nguruwe pori aliyetumalizia mahindi kachomwa. Zabron, mume wangu, kamvizia shambani alfajiri na mkuki. Mnyama kakimbilia kichaka cha kijitoni, kule kule tunakochota maji. Zabron anatamba: nimempiga moyo, ameshakufa huyo, twendeni tukambebe.

Kaja wifi Ikupa, dada yake mkubwa. Baba yao alimzoesha kuwinda tangu mdogo, na hamfichi mtu ukweli! Kachuchumaa, kapangusa damu kwenye jani, kanusa. Kacheka. Moyo gani unanuka mavi? Kweli, damu nyeusi, ina chenga za mahindi. Mahindi yetu! Kasema ni utumbo huu, mnyama yu hai na ana hasira, aachwe mpaka kesho. Zabron kabisha. Wifi: wewe nilikubeba mgongoni, leo unifundishe? Nimecheka, sina mbavu!

Jumatano, 9 Aprili

Leo nimemfuata wifi. Jamani, yule mwanamke! Mimi naona majani tu, yeye anasoma. Hapa kalala, damu imeganda. Hapa anaburuta mguu wa nyuma. Kanionyesha damu iliyopaka nyasi — yote chini ya goti. Kasema nguruwe ni mfupi, wifi yangu, damu yake haipandi. Nikajipima. Kweli!

Mara kasimama, katurudisha nyuma kimya kimya. Nyayo zimezunguka. Kumbe nguruwe kageuka, anatuvizia pembeni mwa njia yake mwenyewe! Ningekuwa peke yangu ningepita naimba. Kakataza mtu yeyote kwenda kijitoni, watoto ndio kabisa. Maji tunaomba kwa jirani.

Zabron hajagusa ugali. Kilabuni wamemtania, eti anaongozwa na dada. Wanaume!

Alhamisi, 10 Aprili

Nimeamka, kitanda kitupu. Mkuki haupo. Kaenda peke yake, mpumbavu wangu mimi.

Tumekimbia na wifi mpaka ukingo wa kichaka. Damu mbichi, nyekundu, haina harufu. Nikafurahi! Nikasema tazama wifi, leo kapiga moyo kweli. Wifi alikuwa anaangalia matete. Nami nikaangalia.

Damu imepaka matete usawa wa kiuno changu.

Wifi kaingia na panga na mbwa wake. Mimi kanirudisha nyumbani nichemshe maji, nichane kanga. Kama yupo wa kumpata Zabron, ni yeye. Hakosei yule. Hajawahi kukosea.

Maji yamechemka. Mbwa walikuwa wanabweka, sasa kimya —