Upande Aliolazwa Babu

Al Mintirib

Mama yangu Bi Ghaniya, shikamoo. Natumai magoti yamepoa na hewa ya Sur inakufaa kuliko joto letu. Mimi sijambo, ila usingizi umenipaa. Nakuandikia kwa kuwa kwenye simu husikii, na mambo haya si ya kupigiana makelele. Mdogo wangu Rasha akusomee polepole, nawe ukae kitako.

Juzi kwenye kambi yetu ya watalii kaja mgeni, mwanamke wa makamo kutoka visiwa vya Pasifiki. Akaingia jikoni nikikuna nazi, akanionesha kile kibao nilichokikalia, akasema kwao wanakiita mbusi. Ala! Watoto wetu waliozaliwa hapa Omani hawajui kuwa ile ni mbuzi, yeye kajulia wapi? Akanambia kisiwani kwao ni nyumba yao tu inayosema hivyo, neno la babu yake.

Unanijua na wasiwasi wangu. Nikampigia kaka Saud, naye akazidi kunitia moto: huyo anatafuta fungu katika shamba letu la Ibra, nisimtajie hata jina la ukoo. Basi nikawa namvizia. Akipiga picha, namtolea jicho. Akiulizia watu wa Unguja waliohamia huku, najitia sijui.

Mpaka akakutaja wewe. Babu yake, akasema, akiitwa Ishak, mtia makaa kwenye meli ya Waingereza, na Unguja kaacha mke, Fatma, na kitoto kichanga, Ghaniya. Nikamvutia kiti, nikamwambia anieleze yote.

Mama, baba yako hakufa vitani. Meli ilipigwa na ndege ya Wajapani karibu na kisiwa hicho, kweli, na habari ndiyo ile iliyomkalisha bibi eda. Lakini yeye aliogelea mpaka pwani. Wenyeji wakamficha msituni, akawa anawabebea askari wa Kizungu mchele na risasi, matope mpaka kiunoni, Wajapani wanapiga kutoka juu ya miti, na homa inaua kuliko bunduki. Vita vilipokwisha ikaja meli kuwachukua waliokwama. Akajificha mpaka ikaondoka. Keshaoa.

Wallahi nilipandwa na hasira. Bibi kakataa kila mchumba kwa ajili yake, nawe kila mwaka unamsomea khitma ya shahidi!

Hapo mgeni akaniuliza lililomleta. Babu yake alipokaribia kufa aliwausia wamlaze kwa ubavu, uso magharibi. Mkewe wa huko aliishi na wivu mpaka kaburini, akiamini mumewe anamtazama mke wa Unguja na mtoto wake. Ni kweli?

Nikamwambia ni kibla tu, Muislamu yeyote hulazwa hivyo. Akanikumbatia, akalia kwa furaha. Mimi nikenda stoo nikajifungia, nikalia vyangu, maana nilikuwa nishaanza kuamini kuwa anakutazama wewe.

Anaomba kuja kukuamkia kabla hajaondoka. Nimemwambia nangoja ridhaa yako. Nibusie Rasha na wanawe, nami nakubusu mikono.

Mwanao,
Mazoon