Sinia la Halua kwenye Msiba wa Mfalme

Jumamosi, 6 Februari 1999
Asubuhi kama kawaida. Dokta Nabil kaja ofisini kwangu na chupa yake ya kahawa chungu. Nikatoa kopo langu la sukari, akalitazama kama kaona mjusi. Mwaka wa sita huu tunagombania kahawa. Yeye Mjordani, anafundisha kemia. Mimi karani wa kitivo hapa chuoni Maskati, na kemia nnayoijua ni ya sukari kuyeyuka. Leo lakini hakucheka. Mfalme wao mahututi. Redio ndogo haikumtoka mkononi.

Jumapili, 7 Februari
Mfalme kafa. Dokta kalia waziwazi mbele ya wanafunzi wake, na wao wakalia naye. Sikujua niiweke wapi mikono yangu.

Mkuu wa kitivo kanikabidhi ukumbi: viti, kahawa, taazia ya kupokea pole kesho. Kasema mimi mtu wa Unguja, mambo ya wageni nnayaweza. Kichwa kikavimba. Nikaenda dukani Ghubra moja kwa moja kuagiza halua, sinia kubwa, ya zafarani. Mfalme hahaniwi kwa kibakuli.

Jumatatu, 8 Februari
Nimeharibu.

Ukumbi umejaa, kimya, Wajordani wamepanga safu wanapokea mikono. Nikaingia na sinia, kitambi mbele, nikaanzia kwa Dokta kwa kuwa ni rafiki yangu. Kaitazama halua. Kanitazama mimi.

"Kwani mnasherehekea?"

Akatoka nje. Mwenzake akaninong'oneza: kwao msibani ni kahawa chungu, halua ni ya harusi. Kwetu halua haichagui, harusini ipo, msibani ipo. Ningejuaje? Ningeuliza, ndiyo.

Sinia nimelificha kwenye kabati la stoo. Nyumbani Zuwena kacheka mpaka kakaa chini. Kisha kauona uso wangu, akaacha, akaniletea chai. Mke mwema, lakini kacheka.

Jumanne, 9 Februari
Dokta hakuja na kahawa. Nikamfuata maabara kuomba radhi. "Mafi mushkila," kasema, macho dirishani. Mtu akikwambia hakuna tatizo bila ya kukutazama, ujue lipo. Nimekunywa chai ya mashine. Maji ya kuoshea masufuria.

Miaka sita ya kugombana na mtu, leo hataki hata kugombana. Inaniuma.

Khabari nyengine: mama yake Khalfan, dereva wetu, kafariki jana kwao Qurayyat. Kesho tunakwenda kuhani.

Jumatano, 10 Februari
Tumekwenda na basi la chuo. Dokta kakaa mbele. Mimi nyuma, juu ya tairi, panaponistahili.

Tumekaa mkekani. Khalfan mwenyewe, macho mekundu, kaja na sinia. Halua. Nikatamani mkeka unimeze. Kamuendea Dokta wa kwanza, mgeni wa mbali.

"Kula, Dokta. Umuombee mama rehema."

Sikuthubutu kunyanyua macho. Nilipoyanyanyua, Dokta alikuwa ananitazama, huku anatafuna. Polepole. Kala yote.

Kurudi, kapita viti vitupu vyote, kaja kukaa pembeni yangu. Kalala begani kwangu mpaka Maskati. Anakoroma, profesa mzima. Mkono umeniingia ganzi. Sikuuondoa.

Jumamosi, 13 Februari
Nimekwenda stoo kulitoa sinia nilirudishe dukani. Robo ya halua haipo. Pembeni pana kijiko cha maabara. Nimeomba Mungu kiwe kilioshwa.

Nikalibeba sinia mpaka ofisini, nikaliweka mezani, nikangoja. Saa mbili Dokta kaingia na chupa yake. Tukamuombea mfalme wake. Tukamuombea mama yake Khalfan. Kisha akavuta sinia upande wake.

Kopo la sukari nimeliacha kwenye droo. Nimekunywa kahawa yake vivyo hivyo. Mbaya sana. Nimekunywa vikombe viwili.