Mistari Uliyoniachia Kwenye PHP

Gerezani, Dar es Salaam
Jumatano, 12 Juni 2024

Mpendwa Kaka Elimringi,

Shikamoo kaka. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima, na kwamba goti la Mama linaendelea vizuri pamoja na baridi hii ya mwezi wa sita. Migomba nayo naisalimia, maana nasikia siku hizi unaongea nayo kuliko unavyoongea na watu. Mimi sijambo. Nakula, nalala, na kabla hujauliza, kanisani nakwenda, ingawa Jumapili iliyopita nilifika wakati watu wanatoa sadaka.

Najua utacheka kupokea karatasi kutoka kwa mtu anayeshinda mbele ya kompyuta. Lakini kwenye simu ungenikatiza, ungeanza kunishauri kabla sijafika nusu, nami ningepata pa kukimbilia. Severine, jirani yetu wa huko, anapanda basi kesho kuja Machame, nimemwomba akukabidhi mkononi. Ndani ya mfuko kuna kanga ya Mama. Hiyo mpe kwanza, maana ukishasoma unaweza kuisahau.

Chumba chetu cha kazi bado ni kile kile, ghorofa ya pili juu ya duka la vipuri. Mwendokasi ikipita kikombe cha chai bado kinatembea mezani. Kwenye kiti chako anakaa Hillary, yule kijana wa Tanga, na dirishani yupo Mwanamkuu aliyejiunga nasi mwaka jana. Mchana tukila, ugomvi wetu ni ule ule uliouacha: lugha ipi ni bora ya kutengenezea tovuti. Hillary anaapa kwa JavaScript, kwamba lugha moja inafanya kinachoonekana kwenye simu ya mteja na kinachofanyika huko nyuma kwenye seva, sasa mtu ahangaike na mbili za nini. Mwanamkuu anasema Python inasomeka kama maelezo ya kupika pilau, hata mgeni akiikuta kesho ataelewa. Mimi nilikuwa nawaambia wote kwamba afadhali yoyote kati ya hizo, kuliko PHP ya wazee. Wewe ungekuwepo ungejibu kama ulivyozoea, kwamba PHP inakubaliwa na kila seva hata ile ya bei ya chini kabisa, na kazi ya duka inaisha ndani ya wiki mbili wakati wenzako bado wanachagua rangi.

Sasa nije kwenye tovuti ya Mzee Sadalla, ile uliyomjengea kwa PHP ili wateja wake wa mikoani waagize kanga bila kufunga safari hadi Mtaa wa Kongo. Mwezi wa tatu alikupigia akakuambia kwamba vijana wameona kazi yako imepitwa na wakati, itaandikwa upya. Mama aliniambia ulimshukuru, ukakata simu, ukaiweka kompyuta yako juu ya kabati, na tangu siku hiyo haijashuka. Uliponiuliza ni nani aliyemshauri hivyo, nilikujibu kwamba Hillary alikuwa amekazania. Ulisema sawa, vijana wana yao. Kaka, ile sawa yako haijanitoka masikioni.

Tovuti mpya ilianza kazi baada ya Pasaka. Ilikuwa nzuri kweli, siwezi kumnyima Hillary haki yake. Picha za kanga zinafunguka haraka, mteja anakuza hadi anaona pindo. Mzee Sadalla alikuwa anaionyesha kwa kila anayeingia dukani, hata kwa aliyekuja kuuliza njia.

Halafu mwezi uliopita Mama Shamsa wa Songea akaagiza kanga za harusi ya bintiye, sare ya akina mama wote wa upande wake. Aliandika tatu. Mfumo wetu ukasoma tatu, stoo wakafunga doti tatu, mzigo ukapanda basi. Bei haikumshtua mtu, maana unajua wateja wa zamani bei wanaongea na Mzee mwenyewe. Siku ya Jumatano, harusi ikiwa Jumamosi, Mama Shamsa akafungua mzigo mbele ya mawifi zake na kukuta doti tatu za kuwavisha wanawake sitini.

Alimpigia Mzee Sadalla. Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililomtisha Mzee. Alimwambia tu kwamba miaka ishirini hajawahi kuaibishwa na duka lile, na kwamba kama anaonekana mtu wa kununua kanga rejareja basi angeambiwa mapema. Mzee alikuja hadi Gerezani kwa miguu. Alikaa kwenye kiti cha wageni, akatutazama mmoja mmoja, akasema, "Wazee walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Mimi nimeuacha." Sisi wote tukawa tunaangalia kibodi.

Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa anajua tulipokosea. Hapo ndipo nilipofungua ile kazi yako ya zamani, iliyokuwa bado imehifadhiwa kwenye seva, nione wewe uliwezaje miaka yote hiyo. Sikuwa nimewahi kuifungua tangu uondoke. Sehemu ya oda nikaikuta mistari minne tu ya PHP, inazidisha mara ishirini kwa wateja wa jumla. Na juu yake, kwenye yale maelezo ambayo mashine inayaruka na anayasoma binadamu peke yake, ulikuwa umeandika:

"Nice, usiguse hapa. Watu wa jumla wakisema moja wanamaanisha korja moja. Usiwaulize, wataona unawadharau."

Nilimsomea Mzee Sadalla. Alicheka hadi akafuta macho. Siku ile ile doti hamsini na saba zilifungwa, nikazipeleka stendi mwenyewe, na Ijumaa asubuhi zilikuwa Songea. Mama Shamsa ametuma picha ya akina mama wote sitini wamepanga mstari. Ametusamehe, ila anasema safari hii bei ataipanga yeye.

Lakini mimi sikuishia pale kwenye ile mistari minne. Niliendelea kushuka, na chini kabisa ya faili, palipo na tarehe ya siku moja kabla hujaondoka, nikakuta haya:

"Nice, nimeshindwa kukuaga uso kwa uso. Ungelia, mimi ningebaki, na Mama hana mwingine. Kihamba, ardhi yetu ya nyumbani, kimeniita na siwezi kukikataa. Yote ninayoyajua nimekuandikia humu, kila mahali penye jina lako. Ukikwama nipigie. Ukifanikiwa nipigie kwanza."

Nimehesabu. Jina langu limo mara arobaini na moja.

Kaka, sasa naomba ukae. Siyo Hillary aliyemwambia Mzee Sadalla kwamba kazi yako imepitwa. Ni mimi. Nilikwenda dukani peke yangu, nikamwambia kwamba PHP imekufa, kwamba watu wa maana hawaitumii tena, na kwamba tovuti yake siku moja itasimama. Nilijua ni uongo. Hillary mwenyewe aliniuliza kwa nini tubomoe kitu kinachofanya kazi, nami nikambishia mpaka akakubali. Na nenosiri lako la kuingilia kwenye seva nililibadilisha kwa mkono wangu.

Ulipoondoka uliniachia ujumbe mfupi kwenye simu, kwamba kila kitu umeniandikia humo ndani ya tovuti. Nilidhani umeniachia kazi tu, kama mtu anavyomwachia jirani funguo. Wewe ni kitindamimba wa kiume, kwa mila yetu kihamba ni chako, na mtu wa kumuuguza Mama alikuwa wewe. Yote hayo nilikuwa nayajua, na bado nilikukasirikia miaka miwili. Nikawa kila nikiiona PHP nakuona wewe ukinifundisha kwenye ile kompyuta ya kuazima, na nikataka iondoke. Sababu nyingine zote nilizitafuta baadaye.

Wiki iliyopita niliwauliza wenzangu, siyo kwa nini wanapenda lugha zao, bali nani aliwafundisha. Hillary alisema alijifunzia kwenye simu ya dada yake, na siku alipofanya kitufe kibadilike rangi, dada aliita majirani waje kuona. Mwanamkuu alisema ni mwalimu mmoja ambaye hakuwahi kumcheka. Siku hiyo hatukubishana tena.

Juzi Jumatatu niliwaambia Mzee Sadalla na Hillary ukweli huu niliokuandikia. Hillary alinuna hadi jioni, haki yake, kisha akaninunulia mihogo ya kuchoma. Mzee alisema, "Mwanangu, hizo lugha zenu mimi sizijui. Namjua aliyewajua wateja wangu." Tumekubaliana sura ya mbele ibaki ile mpya ya Hillary, na sehemu ya oda irudi ile yako. Mzee anataka uiangalie mwenyewe ukiwa huko huko Machame. Ukikataa nitaelewa, na sitamwambia mtu kwamba umenuna.

Chini ya maneno yako kwenye lile faili nimeongeza mstari mmoja: "Nimeyasoma, kaka. Nisamehe nimechelewa." Mashine itauruka. Ni wako.

Nisalimie sana Mama, mwambie kanga hiyo asiifungie sandukuni. Wasalimie majirani, na usharika wote kwa jumla. Hillary na Mwanamkuu wanakusalimu, na Mzee Sadalla anauliza ndizi zinafika lini. Kompyuta ishushe kabatini, uifute vumbi. Nenosiri jipya nimekuandikia nyuma ya karatasi hii.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Nice