Kwa Nini Mutinda Aliacha Mota

Kibanda cha Mota,
Nyuma ya duka la hadiwea,
Kawangware 56.

Kwa mdogo wangu Makau,

Pokea salamu za kaka yako, ambaye mpaka leo sura yake inaishinda yako. Natumaini wewe na mama Mutinda mko salama huko Masii, mvua imewakumbuka, na lile goti lako limeacha kujifanya mtabiri wa hali ya hewa. Mimi namshukuru Mungu, na kazi imenoga ajabu. Nina wanafunzi kumi na wawili. Kibanda kimejaa mpaka wengine wanakaa nje juu ya ndoo wakingoja zamu ya kushika koleo, na kila asubuhi mzazi mwingine ananiletea kijana akinibembeleza nimpokee.

Makau, huo ni uongo. Sijamaliza hata ukurasa wa kwanza na nimeshatubu, kwa hiyo usimwite pasta. Sina mwanafunzi hata mmoja. Kwenye hizo ndoo analala paka wa mama mboga. Wa mwisho kukaa hapa alikuwa mwanao Mutinda, na ni miaka mitatu sasa tangu aondoke.

Najua utauliza kwa nini sikupiga simu. Wewe simu unaiweka spika mpaka kuku wanachangia maoni. Halafu mimi nikiwa kwa simu hutania tu, nakata kabla sijafika kwenye neno lenyewe. Vumilia pia hizi herufi zangu kubwa kama za bango la kampeni. Macho yanaisha, ndugu yangu. Daktari alisema ni presha ya macho, ati la kushoto limeshaenda na halirudi, na la kulia linamfuata mwenzake. Nikamuuliza kama anaweza kunipa la mtu mwingine, hata la mbuzi. Hakucheka. Akasema nitafute mapema mtu wa kunishikia kazi.

Unajua kusuka mota ni kazi ya macho. Ikiungua, unatoa waya ya zamani, unahesabu ilizungushwa raundi ngapi, halafu unasuka mpya raundi zilezile, waya nyembamba kama unywele. Juzi nilisuka pampu moja mara tatu, ikanikataa mara tatu. Nilikaa chini nikalia. Jirani alipochungulia nikamwambia ni moshi wa vanishi.

Basi nikaanza kusaka kijana. Nilizunguka mtaa huu wa Gatina wote kama muuza sumu ya panya. Mmoja akaniambia mzee, hiyo kazi inaingiza mafuta kwa kucha, manzi wake atamwona aje. Mwingine ana diploma ya stima kabisa, ameitundika ukutani, na chini yake anauza kava za simu. Alisema kila boss anataka experience na hakuna boss anayetaka kuipeana. Halafu kuna mama mmoja ambaye mwanawe anashinda kutwa kwa betting. Huyo alinifukuza na mwiko. Akasema hakumsomesha mtoto aje awe fundi, heri aendelee kulala.

Pasta wetu akasikia ninahangaika, akanialika Jumapili niongee na vijana kuhusu kazi ya mikono. Nilivaa koti. Niliwachapa, Makau! Nikawaita kizazi cha vidole gumba, nikasema wanataka kazi ambayo jasho lake linakaushwa na feni. Walicheka, nami nikanogewa. Ndipo akasimama Valary, msichana anayesonga nywele hapo Gatina, mdomo wake ni wembe mpya. Akasema sawa mzee, umefanya hii kazi miaka thelathini na nane, hebu nitajie mtu mmoja tu uliyemfundisha akafungua kibanda chake, niende nimwone.

 Vijana kumi na saba wamepita mikononi mwangu. Nikawapitia mmoja mmoja kichwani, na hakuna. Nikasema walikuwa wavivu. Akauliza, wote kumi na saba, mzee? Kisha akasema yeye alijua kusonga kwa miezi minne kwa sababu mwalimu wake alimpa kichwa cha mtu na kumwambia anza. Akakaa. Hata lile koti nililiona limenibana.

Unakumbuka nilivyokupigia miaka mitatu iliyopita nikikushtakia mwanao. Nilikuwa nimeenda matanga, yeye akabaki na kibanda, akaletewa mota ya pampu ya maji ya jengo fulani la ghorofa hapa Gatina. Akaisuka peke yake. Siku mbili tu ikaungua, na ghorofa nzima ikakaa bila maji. Nilikwambia ni kichwa ngumu na mvivu, nimemfukuza. Nawe ukaapa asikanyage kwako mpaka aje aniombe msamaha.

Baada ya maneno ya Valary nilienda kumtafuta Kibera. Yuko Soweto East, nyuma ya zile nyumba mpya za serikali, anaendesha boda. Amekonda, ana ndevu za babu yetu. Wenzake wanamwita Injinia kwa kumcheka. Alinipokea vizuri, akaniagizia chai na mandazi. Kisha akaniambia Ijumaa ya wiki ijayo anapanda ndege, anaenda Qatar kuwa soja wa geti, miaka miwili. Nikamwambia arudi, kibanda ni chake. Alicheka bila ubaya. Akasema anko, si wewe uliwaambia ploti nzima kichwa changu ni cha kubeba kofia?

Halafu akatoa simu. Alikuwa amepiga picha daftari langu la mota, kurasa zote, na bado amezitunza. Akasema hataki kingine kwangu, ila nimwambie alikosea wapi ile pampu. Waya ya zamani ilikuwa imeyeyuka ikashikana, haihesabiki, na daftari lilisema raundi sitini. Alihesabu sitini, akarudia kuhesabu. Amelala na hiyo hesabu miaka mitatu. Alikuwa ananitazama vile alivyokuwa akinitazama akiwa mdogo, nikimgawia muwa.

Nikamwambia mkono wake ulilegea. Nikamaliza chai nikaondoka.

Sasa tafuta kiti, Makau. Sisi mafundi wa zamani tuna tabia yetu. Kijana anafagia miaka, anavua waya, anapaka vanishi. Kazi ikifika pa kuhesabu raundi na kuunga ncha, unamtuma chai ili asione. Bosi wangu kule Industrial Area alinituma chai hivyohivyo, nikajifunza kwa kuchungulia tundu la ufunguo. Tunaogopa kijana akijua atafungua kibanda ng'ambo ya barabara. Mafundi wengine waliishia kwenye hiyo hila ya chai. Mimi nilizidi. Niliandika daftari la uongo. Kila hesabu niliipunguza ishirini, nikaliacha wazi mezani, ili mwizi wa kazi yangu ajiunguzie. Mahali pameandikwa sitini, mimi husuka themanini. Raundi zikipungua, mota inachemka mpaka inaungua.

Mutinda hakuiba chochote. Alifuata kilichoandikwa na baba yake mkubwa. Nilipoipasua ile pampu niliona usukaji wake, umelala sawa kuliko wangu. Niliuona vizuri, macho yangu wakati huo yalikuwa mazima. Kisha nikatoka nje nikasimama mbele ya wapangaji na mitungi yao mitupu, nikamwita mjinga. Sijui kilichowakimbiza vijana wengine wa Nairobi. Hawa kumi na saba niliwakimbiza mimi, halafu nikaenda kanisani kuwasema.

Tangu siku ile ya chai na mandazi nampigia Mutinda, hapokei. Nilirudi Soweto East, wenzake wakaniambia amesema hana la kuongea nami. Simu yako ataipokea. Amekaa miaka mitatu akingoja iite.

Msalimie mama Mutinda, mwambie shemeji yake anajua anastahili kupigwa na mwiko wa pili. Wasalimie majirani wote, hata yule anayedai mpaka wetu.

Na wewe nakudai, Makau. Ile siku ulienda kuogelea mtoni ukaacha mbuzi wakamaliza mahindi ya watu, nilimwambia baba zamu ilikuwa yangu. Mkanda niliula mimi. Ulinifuata nyuma ya ghala ukasema kaka, siku moja nitakulipa. Nataka umpigie Mutinda simu moja tu, kabla ya hiyo Ijumaa anayosafiri. Aende Qatar au asiende, hilo ni lake. Wewe mwambie mkono wake haukulegea. Mwambie kila hesabu aliyonayo kwenye hizo picha aiongeze ishirini.

Kaka yako,
Nzomo