Mama kaitikia rozari sinemani

Gráinne, nimeaibika mimi! Natoka sasa hivi na mama kwenye tamasha la filamu za kwetu Ireland, hapa Boston.

Kwenye filamu kuna msiba. Padri akaanza rozari, mama akaitikia kwa sauti. Sinemani, Gráinne! Na ukumbi mzima wa Waairishi ukamfuata!

Picha ikahama, mjane yuko kitandani na jirani. Namfinya: "Mama, msiba umeisha!"

"Fungu la rozari halikatwi katikati, we mtoto."

Wale wanabusiana, sisi "utuombee sisi wakosefu"! Mpaka fungu likaisha!

Mwishoni mwongozaji wa filamu akauliza nani ana swali. Mama huyo, kasimama:

"Kijana, huyo mjane, misa ya marehemu mumewe ya kutimiza mwezi ilishasomwa?"

Makofi, Gráinne! Hata mimi nilipiga.